UZI: Kama umaskini ndio unaozaa magaidi, mbona hatusikii walipuaji kutoka Karamoja?

#1 Kalamu ya Busia
Wakuu, salaam. Kila likitokea shambulio hapa Uganda, jioni yake redioni ni wimbo uleule: vijana hawana kazi, wapewe mitaji, ugaidi utakwisha. Waliuimba Novemba 2021 mabomu yalipolipuka karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na Barabara ya Bunge. Wakauimba tena Juni 2023 baada ya Shule ya Sekondari Lhubiriha pale Mpondwe, walipouawa watu 42, wanafunzi 37 kati yao.

Sasa nauliza. Mkoa maskini kuliko yote nchini ni Karamoja. Njaa ipo, bunduki zipo, kazi hakuna. Mbona hatusikii mtu wa kujitoa mhanga kutoka Moroto?

Wachumi wamelichimba hili muda mrefu. Mwaka 2003 Alan Krueger na Jitka Malečková waliangalia wapiganaji 129 wa Hezbollah waliokufa. Waliotoka familia maskini walikuwa 28%, wakati kwa Walebanoni kwa jumla ilikuwa 33%. Waliofika sekondari au zaidi ni 47%, dhidi ya 38% ya wenzao wa kawaida. Yaani waliokufa walikuwa na hali nafuu kuliko majirani zao, na shule wamesoma zaidi.

Dai langu: umaskini hauna kesi ya kujibu. Karibuni mnipinge.

#2 Boda wa Ntinda
Nimekaa siti ya mbele. Nani ana njugu?

#3 DadaBwera
Kalamu, Lebanoni si Bwera yetu ya mpakani. Hapa kwetu mtu haji na bendera wala kitabu. Anakuja na viatu visafi na simu mbili. Anasema kuna kazi ya kupasua mbao upande wa Kongo, mshahara kila wiki, na nauli anatanguliza yeye kwa simu ili mama yako apumue. Wengine huambiwa ni nafasi ya kusoma bure nje ya nchi. Kuna vijana wa mtaa wetu waliondoka hivyo. Mmoja alirudi. Anasema walipovuka na kuingia porini kitu cha kwanza kuchukuliwa ni simu na kitambulisho, halafu wakaambiwa kazi yenyewe ni hii.

Huyo utamweka kundi gani kwenye hesabu ya Krueger? Hakuwa na itikadi hata chembe. Alikuwa anatafuta hela ya mabati.

#4 Mpenda Amani
Dada umesema kweli. Hawa waasi wa ADF walioko Kongo, ndio mchezo wao tangu 1996. Ni haohao walioua watu 2010 wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na ni haohao waliochoma wanafunzi Kichwamba kule Kasese.

#5 Afande Mstaafu
Mpenda Amani, punguza mwendo. Julai 11, 2010, pale Klabu ya Raga ya Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village Kabalagala, waliodai ni al-Shabaab, si ADF. Watu zaidi ya 70 walikufa. Sababu waliisema wenyewe: jeshi letu liko Mogadishu tangu Machi 2007. Kichwamba kweli ni ADF, Juni 1998, lakini chuo kiko Kabarole. Kasese ni jirani tu.

Nayaleta haya kwa sababu yanagusa mada. ADF waliingia Mpondwe Novemba 1996 wakitaka kuiangusha serikali ya Kampala. al-Shabaab walitaka tutoke Somalia. Mmoja anataka kiti, mwingine anataka kukutoza gharama hadi ubadili sera. Ukiwapima kwa kipimo kimoja cha "njaa" utapotea.

#6 Mhadhiri Mkavu
Nakubaliana na Afande. Naongeza.

Wengi mnasoma utafiti wa Krueger nusu. Unaonyesha nani *aliyechaguliwa*, hauonyeshi nani *aliyeomba*. Ethan Bueno de Mesquita alilieleza hilo 2005. Kundi la kigaidi nalo ni mwajiri. Kazi ya kuvuka mpaka, kuishi Kampala bila kushtukiwa na kutengeneza kilipuzi isikulipukie mkononi haipewi mtu wa kwanza kujitokeza. Uchumi ukianguka, waombaji huwa wengi na kati yao wamo waliosoma waliokosa ajira. Kiongozi anachuja, anabaki na hao. Wewe unayehesabu maiti unaona wasomi tu, unasema umaskini haumo, kumbe ulijaza foleni mlangoni.

Kwa hiyo Kalamu anaweza kuwa sahihi na DadaBwera naye akawa sahihi. ADF wanahitaji wabeba mizigo wengi na watu wachache wa mabomu. Wa kwanza wanarubuniwa kwa nauli, wa pili wanapatikana kwa njia nyingine kabisa.

#7 Mpwani Mgeni
Mhadhiri, kwa hiyo hata ugaidi siku hizi unataka vyeti? Sisi wengine tumekwama kila mahali bana 😂

#8 Kijana wa Gulu
Mnaongea kama waasi wote wanaajiri. Kwetu hakuna aliyeomba. LRA, jeshi la waasi la Joseph Kony, iliteka. Makadirio ya watafiti ni zaidi ya vijana 60,000 kwa miaka yote ile. Mshahara? Kipigo. Unabebeshwa gunia la mahindi mpaka mabega yachubuke, ukianguka ndio mwisho wako.

Bernd Beber na Chris Blattman waliandika 2013 kuhusu hesabu ya Kony, na mimi nilipoisoma niliitambua nyumba yetu ndani yake. Mtu mzima anapigana vizuri lakini anatoroka. Mtoto mdogo sana hatoroki lakini bunduki inamshinda. Wa katikati, wa miaka kama 12 hadi 15, ndiye waliyemtaka. Halafu wanamlazimisha aue mbele ya watu wanaomjua, ili kijijini asirudi tena. Njia ya kurudi nyumbani ikishazibwa hakuna haja ya kumlipa.

Hapo umaskini uko wapi? Walioishi kambini tulikuwa maskini kwa sababu ya vita. Watu karibu milioni 1.8 waliwekwa kambini, shamba unaliona ng'ambo ya mto na huruhusiwi kwenda kulilima.

#9 Kalamu ya Busia
Kijana wa Gulu, asante. Hiyo inaunga mkono dai langu: mshale unatoka vita kwenda umaskini. Huko Uhispania Abadie na Gardeazabal walikadiria 2003 kwamba ugaidi uliipunguzia nchi ya Wabaski karibu asilimia 10 ya pato la kila mtu. Tunachanganya jeraha na kisu.

#10 Kijana wa Gulu
Sikusema naunga mkono. Nimesema uasi haukutuuliza.

#11 Mama Kakao
Habari zenu. Mimi siyajui ya Wahispania, nanunua kakao hapa mpakani. Naomba mnisikilize kidogo.

Kakao ya upande wa Beni, kule Kongo, ni nzuri. Mkulima akiangua maganda anatoa mbegu na ule utelezi wake mweupe, anazifunika kwa majani ya ndizi siku kadhaa zichachuke, kisha anazianika kwenye turubai. Kazi yote hiyo inataka uwe umelala shambani kwako kwa amani. Miaka ya nyuma bei ikiwa duni, tatizo lilikuwa bei. 2024 tani moja ilipopita dola 10,000 kule New York, tatizo likawa kitu kingine. Wateja wangu walianza kukimbia mashamba msimu wa mavuno. Mtu akifika kwake anakuta miti imeshavunwa, au amevuna mwenyewe na anavamiwa akiwa kwenye turubai. Magunia yale hayapotei hewani. Yanavuka mpaka kama magunia mengine, na gunia halina jina.

Na msinielewe vibaya, si waasi peke yao. Wapo wenye sare huko Kongo wanaovuna, wapo wafanyabiashara, wapo hata majirani. Ikishaitwa "ADF" hakuna anayeuliza tena nani kavuna.

#12 Mhadhiri Mkavu
Mama Kakao ameleta jambo zito kuliko sote.

Oeindrila Dube na Juan Vargas walichapisha 2013 utafiti wa Kolombia. Bei ya kahawa ilipoanguka, vurugu ziliongezeka kwenye wilaya za kahawa, kwa sababu vibarua walikosa ujira na bunduki ikawa kazi. Bei ya mafuta ilipopanda, vurugu ziliongezeka kwenye wilaya za mafuta, kwa sababu sasa kulikuwa na cha kupora. Zao linaloajiri watu wengi likipanda bei linatuliza. Mali isiyohitaji mikono mingi ikipanda bei inachochea.

Kakao inaajiri mikono mingi kama kahawa. Kwa nadharia, bei nzuri ingepaswa kutuliza Beni. Mama anatuambia ilileta wezi wenye silaha.

#13 Mama Kakao
Kwa sababu huko hakuna wa kukulinda. Nadharia yenu imelikumbuka hilo?

#14 Mhadhiri Mkavu
Nyingine imelikumbuka. Fearon na Laitin, 2003, walisema vita vya wenyewe kwa wenyewe havifuati sana chuki za kikabila wala dini, vinafuata mahali ambapo dola ni dhaifu, milima ni mingi na waasi wana pa kujificha. Ruwenzori imekaa hapo hapo.

#15 Boda wa Ntinda
Milima pia ina kosa sasa. Tuishtaki.

#16 Afande Mstaafu
Tuzungumze pesa, maana watu wanaogopa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kuhusu ADF na mbao, dhahabu, kakao, na pesa zinazotumwa kwa simu. Kambi yao kubwa iliyoitwa Madina, iliyotekwa 2014, ilikuwa na shule, zahanati, mahakama na jela. Hiyo ni serikali ndogo, ina bajeti.

Jamil Mukulu, kiongozi wa ADF, alikamatwa Tanzania 2015. Mrithi wake Musa Baluku akaegemea Dola la Kiislamu, na 2019 wakatambuliwa. Mimi nasema hiyo ilikuwa kutafuta mfadhili baada ya kufilisika. Wengine watasema ni imani. Sijawahi kukaa moyoni mwa Baluku.

Ila na upande wetu una uchumi wake. Askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia, alihesabiwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali ikakata 200, akabaki na 828. Kwa koplo wa Uganda hiyo ni ardhi, ni nyumba ya matofali ya kuchoma, ni boda mbili za kukodisha. Nimeona watu wakigombania kuingia orodha ya Somalia kama wanagombania ukumbi wa harusi. Na wakati wa vita vya Kaskazini kulikuwa na wanajeshi hewa wanaokula mshahara hadi ikaundwa tume mwaka 2003. Vita ikiwalisha wengi, wa kuimaliza ni wachache.

#17 Mpenda Amani
Afande, hizi si siri za serikali? 😅

#18 Afande Mstaafu
Zilikuwa magazetini. Nimestaafu, pensheni yenyewe inakuja inapotaka.

#19 Shehe wa Kawempe
Assalamu alaykum. Nimesoma yote, nimengoja mtu aseme hili, hamkusema.

Mwaka ule baada ya mabomu, mtoto wa dada yangu alichukuliwa jioni na watu wasiojitambulisha, kwenye gari lisilo na namba. Alikuwa fundi wa simu. Tulizunguka kila mahali. Dada aliuza kiwanja kulipa watu waliosema wanajua alipo. Aliporudi hakukuwa na shtaka lolote. Kibanda kilishavunjwa, vifaa vimeibwa, wateja wameambiana "yule ni wale". Sasa anakaa kimya na simu yake usiku kucha. Mimi mjomba wake namwogopea.

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti 2017 baada ya kuwahoji waliojiunga kwa hiari na makundi haya Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Wengi walikiri hawakuielewa dini au waliielewa kidogo sana. Mmeandika kahawa, kakao, milima. Dhuluma mmeiweka wapi?

#20 Kalamu ya Busia
Shehe, pole sana kwa familia. Mimi pia nilidhani ripoti hiyo ilisema robo tatu ni ajira, nimeona ikinukuliwa hivyo mahali.

#21 DadaBwera
Waliokunukulia wamechanganya. Ile 71% ni kitendo cha serikali, kama alivyosema Shehe. Ajira iko kwenye ripoti yao ya pili, ya 2023, na ni robo: asilimia 25 waliitaja kazi kuwa sababu kuu. Robo ni watu wengi tu, Kalamu. Kesi ya umaskini bado iko mahakamani.

#22 Mpwani Mgeni
Mwenye uzi kapigwa nyumbani kwake.

#23 Mhadhiri Mkavu
Shehe, wachumi wanalo hilo pia, ila kwa lugha baridi. Alberto Abadie alionyesha 2006 kwamba ukishapima uhuru wa kisiasa, nchi maskini hazina ugaidi zaidi ya tajiri kwa namna ya wazi. Uhuru wenyewe una umbo la kilima: nchi zenye uhuru mwingi zina hatari ndogo, zenye mkono wa chuma kabisa nazo ndogo, na za katikati ndizo zenye hatari kubwa. Msiniulize sisi tuko wapi kwenye kilima.

#24 Boda wa Ntinda
Sisi tuko kwenye jamu ya Wandegeya.

#25 Fimbo ya Kotido
Nimeletewa huu uzi na rafiki. Mwanzilishi ametumia Karamoja kama kijiti cha kupigia hoja, kwa hiyo naomba nafasi.

Kwanza, usiseme kwetu hakuna vurugu. Watu wanakufa kwa wizi wa ng'ombe. Zamani vijana walienda kutafuta mahari. Leo ng'ombe akiibwa saa tisa usiku, asubuhi yuko kwenye lori na jioni ni nyama mjini. Mwenye lori hajawahi kukanyaga manyatta. Serikali ilikusanya bunduki 2001, ikarudia 2006, na wizi ukaja kufufuka tena. Hilo ni soko.

Pili, kuna wale waliosema mvua ikikosekana vita vinaongezeka Afrika. Kuna utafiti mkubwa wa 2004.

#26 Mhadhiri Mkavu
Miguel, Satyanath na Sergenti. Nchi 41 za Afrika, 1981 hadi 1999. Uchumi ukishuka kwa pointi tano, uwezekano wa vita mwaka unaofuata unaongezeka kwa nusu.

#27 Fimbo ya Kotido
Haohao. Muulize mchungaji yeyote. Ukame ukiwa mkali ng'ombe wamekonda, hawawezi kukimbizwa usiku, na ninyi wote mnakutana kisima kimoja kwa hiyo mnalazimika kupatana. Mwizi anapenda mvua: majani marefu, nyayo zinafutika, mnyama ana nguvu. Hata Marsabit, Kenya, watafiti walikuta miaka ya mvua ndiyo yenye uvamizi zaidi. Takwimu ya bara zima haijui kisima chetu.

Tatu, mbona hakuna mlipuaji? Kwa sababu hakuna aliyekuja kumtafuta. Hakuna mtandao wala mwalimu wala mtu wa kutuma nauli. Hasira bila kampuni inabaki hasira.

#28 DadaBwera
"Hasira bila kampuni inabaki hasira." Fimbo, hii naiweka kwenye status.

#29 Mzee wa Kilembe
Watoto wangu, nami niongeze. Mnasahau Kasese ilikuwa na uasi kabla ADF haijazaliwa. Rwenzururu ilianza 1962 kwa malalamiko dhidi ya ufalme wa Toro: kodi tunalipa sisi, shule na vyeo ni vya wengine. Milima hiyohiyo, msitu huohuo, na hakukuwa na dhahabu wala kakao ya kupora. Tulikuwa na kahawa na hasira. Novemba 2016 kasri la Omusinga, mfalme wa Rwenzururu, lilivamiwa na watu zaidi ya 100 wakafa, na bado nasikia mnazungumza habari ya mbao.

Hawa wanaojiunga wanatafuta pa kukaa. Kundi linawazika wafu wao, linawaoza, linawalisha. Ni kama engozi, vyama vya machela vya Kabale: ukikosa kuchangia machela, siku ukiugua hakuna wa kukubeba.

#30 Mhadhiri Mkavu
Mzee, Laurence Iannaccone na Eli Berman wangekukumbatia. Hoja yao ndiyo hiyo. Kundi kali la dini linadai sadaka kubwa kwa wanachama, mavazi, muda, kuacha starehe, na hivyo linawachuja wanaotaka kula bila kuchangia. Wanaobaki wanaaminiana. Mahali ambapo serikali haitoi matibabu wala ulinzi, kundi hilo ndilo hutoa. Na kikundi cha watu wanaoaminiana hivyo kikiamua kushika silaha, msaliti ni wa nadra.

#31 Shehe wa Kawempe
Mhadhiri, kwa maneno hayo kila msikiti wenye nidhamu ni mshukiwa. Mvulana wa dada yangu alishukiwa kwa hesabu kama hiyo. Mimi naendesha darsa la watoto, tunachangishana hela za jeneza, na sijaona hata kisu.

#32 Mhadhiri Mkavu
Sikumaanisha hivyo. Berman mwenyewe anasema dawa yake ni serikali itoe hizo huduma, wala haombi misikiti ifuatiliwe.

#33 Shehe wa Kawempe
Basi kawaambie wenye magari yasiyo na namba.

#34 Mlinzi wa Usiku
Nisamehe kuingilia, nafanya ulinzi kwenye jengo moja la biashara Kampala. Tangu 2010 kazi yangu ni kile kijiti kinacholia na kioo cha kuangalia chini ya gari. Kijiti kinalia kwa kila mtu: funguo, mkanda, simu. Nikimsimamisha kila anayelia nitapigwa na tajiri, kwa hiyo nasema "karibu". Swali langu kwa wasomi: hiki kijiti kinasaidia?

#35 Mhadhiri Mkavu
Swali zuri kuliko mengi ya wanafunzi wangu. Marekani waliweka mitambo ya kukagua chuma viwanja vya ndege 1973. Walter Enders na Todd Sandler walikuta utekaji wa ndege ulipungua sana, ila utekaji wa watu mahali pengine ukaongezeka. Ukiziba mlango huu wanahamia ule. Angalia hapa: majengo makubwa yana vijiti, Oktoba 2021 bomu likalipuka kwenye kibanda cha nyama ya nguruwe Komamboga, siku mbili baadaye ndani ya basi. Kisha shule ya mpakani.

#36 Mlinzi wa Usiku
Kwa hiyo kijiti changu kinawasaidia matajiri na kuwaumiza wa Komamboga.

#37 Boda wa Ntinda
Huyu apewe digrii leo.

#38 Dereva wa Safari
Niko Kasese, naendesha watalii. Oktoba 2023 walipouawa wageni wawili na mwongozaji wao Mganda ndani ya Queen Elizabeth, simu yangu ilijaa kughairi. Sikuuawa wala kujeruhiwa, lakini gari lilikaa, mkopo haukukaa. Kijana aliyekuwa ananioshea gari nilimwachisha. Leo hii kama kuna mtu mwenye viatu visafi atamfuata, sitashangaa. Mnaobishana mshale unaelekea wapi, kwangu umekwenda na kurudi.

#39 Kalamu ya Busia
Sawa, tuje kwenye dawa. Kama kazi ndiyo tiba, kuna aliyeijaribu?

#40 Kijana wa Gulu
Ilijaribiwa kwetu. Mpango wa serikali wa vijana Kaskazini, 2008. Vikundi viliomba pesa za ufundi, wakachaguliwa kwa bahati nasibu, wastani kama dola 382 kwa kila mmoja. Blattman, Fiala na Martinez waliwafuatilia. Baada ya miaka minne kipato kilikuwa juu kwa 38%. Shangazi yangu alinunua cherehani mbili kwa pesa hiyo, moja bado inashona sare za shule. Lakini kwenye ugomvi, vurugu na maandamano hawakuona tofauti yoyote. Na baada ya miaka tisa wasiopata walikuwa wamewafikia waliopata.

#41 Mpenda Amani
Kwa hiyo hizi milioni moja moja za PDM, mpango wa serikali wa kuinua kipato vijijini...

#42 Mpwani Mgeni
Malizia sentensi, RDC, mwakilishi wa rais wilayani, hasomi huku.

#43 Mhadhiri Mkavu
Kuna la kuchekesha zaidi. Hao waliopata pesa walikuja kuonekana wakiunga mkono upinzani zaidi ya wenzao. Aliyeshiba hana haja ya kupiga magoti. Na Blattman huyohuyo alikuta waliotekwa na LRA walipiga kura na kuongoza vijijini zaidi ya wasiotekwa. Tabia ya binadamu haifuati mstari wa mfuko.

#44 Kijana wa Gulu
Kilichowatoa porini kweli hakikuwa mtaji. Ni Sheria ya Msamaha ya 2000 na redio. Mega FM Gulu ilikuwa na kipindi, Dwog Paco, yaani Rudi Nyumbani, waliorudi wanaongea kwa majina yao: niko hai, nimelala kwa mama, hawakuniua. Walio porini wanasikiliza kwa redio ndogo. Ukisharudi ulikuwa unapewa shilingi 263,000, godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu. Zaidi ya watu 26,000 wa makundi yote wamepita kwenye msamaha huo. Kony alikuwa ameziba njia ya nyumbani, redio ikaizibua.

#45 Mama Kakao
Na aliyeunguliwa nyumba alipewa godoro gani?

#46 Kijana wa Gulu
Hakuna. Hilo linaumiza hadi leo. Mama yangu alimpita aliyemkata jirani yetu akiwa na jembe jipya la serikali.

#47 Afande Mstaafu
Kuna upande mwingine tunaukwepa. Jeremy Weinstein, 2007, aliandika kwamba waasi wasio na pesa wanalazimika kuajiri watu wenye imani, na hivyo wanakuwa na nidhamu kwa raia. Wenye madini au mfadhili wanavutia wezi. Mfano wake wa waasi wenye nidhamu ulikuwa NRA, waasi wa Museveni, waliovamia kambi ya jeshi ya Kabamba Februari 1981 na bunduki 27.

#48 Boda wa Ntinda
Mods, amkeni, uzi unaingia siasa za ndani.

#49 Mzee wa Kilembe
Nidhamu ile ilikuwepo, mimi niliiona. Tatizo la nadharia hiyo ni kwamba haisemi kinachofuata mwenye imani akishapata mafuta na dhahabu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda 2022 kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa vita vya kule, uporaji wa maliasili ukiwemo. Vijana waliokaa mpakani enzi za magendo watawaambia jinsi mipaka inavyobadilisha watu.

#50 Mwana wa Yumbe
Nimechelewa. West Nile mmetusahau kabisa. UNRF II, waasi wa kwetu, walitoka porini kwa mkataba uliosainiwa Yumbe Desemba 2002. Hawakushindwa vitani, walikubaliana. Kwa hiyo kuna waasi wanaoacha kwa bei, na sisi tulikuwepo bei ikijadiliwa. Shida moja: vijana wa vijiji vya jirani walioishi kwa amani miaka yote walianza kuuliza, kumbe ukitaka serikali ikusikie lazima kwanza uingie msituni?

#51 DadaBwera
Mkuu wa Yumbe, hili ndilo ninaloliogopa kila nikisikia habari ya msamaha kwa ADF. Walipokuja kulipwa, nani aliandika majina? Kamanda au LC, viongozi wa kijiji?

#52 Mwana wa Yumbe
Hapo ndipo ugomvi wote ulipoanza. Kila kamanda na daftari lake, na daftari moja lilikuwa na watu ambao hata porini hawakulala. Nitaandika kesho nikipata umeme, betri iko 4%.

#53 Boda wa Ntinda
Wanajeshi hewa wa serikali na waasi hewa wa porini. Afande, hesabu hiyo wachumi wako wanaiitaje?

#54 Afande Mstaafu
Subiri kesho Yumbe apate umeme.